Boksi la sabufa na bezi inayochelewa

Bezi ikiburuta nyuma ya ngoma, wengi hulaumu ukubwa wa spika: eti inchi 15 ni nzito, haiwezi kukimbia. Mara nyingi spika inaonewa. Anza kuchunguza boksi.

Bezi safi huanza mdundo unapoanza na, jambo gumu zaidi, hunyamaza mdundo unapokoma. Koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka, haijitulizi peke yake. Hutulizwa na sumaku, amplifaya na hewa iliyo nyuma yake. Katika boksi lililozibwa kabisa, hewa hiyo hufanya kazi ya springi. Boksi likiwa dogo mno springi hukaza, koni ikaendelea kutetemeka baada ya mdundo kwisha. Tabia hii hupimwa kwa namba iitwayo Q: ikiwa karibu na 0.7 mlio hunyooka. Ikizidi 1, bezi huvimba na kurindima.

Boksi lenye tundu lina mambo zaidi. Hewa iliyo ndani ya bomba la tundu hilo ina uzito wake, na ikishirikiana na hewa ya boksi hulia kwa masafa fulani, tuseme hezi 45 (mitetemo 45 kwa sekunde). Hapo unapata sauti kubwa bila kuongeza umeme, na ndiyo sababu tundu linapendwa. Lakini hewa hiyo huchukua muda kuamka na muda kutulia. Wimbi moja la hezi 45 huchukua kama milisekunde 22. Mkia wa mawimbi machache tu, kwenye wimbo wa kasi, huanza kufunika noti inayofuata. Na noti ya chini kabisa ya gita la bezi la nyuzi nne ni takriban hezi 41, yaani ucheleweshaji umekaa palepale muziki ulipo.

Hata hivyo, si kweli kwamba kila tundu linaharibu bezi. Masafa yake yakishushwa hadi hezi 25 hivi, ucheleweshaji mkubwa huhamia chini ya noti nyingi, na sabufa inaweza kusikika safi sana. Gharama yake ni boksi kubwa na bomba refu. Pia, chini ya masafa ya tundu koni hukosa kinachoizuia na inaweza kuruka hadi ikaumia, hivyo chujio la kukata masafa hayo ni muhimu.

Kama tayari una boksi lenye tundu na bezi inaburuta, ziba tundu kwa sponji nzito kisha rudia wimbo uleule. Kishindo kitapungua, ila mipigo ya ngoma itaanza kutengana.