Bei kufanana si lazima wamepatana

Hapa Unguja, ukiuliza polo (gunia) la mchele wa mapembe soko la Darajani ni bei hii, ukenda Mwanakwerekwe ni hiyo hiyo. Wengi wetu husema papo hapo: "Hawa washakaa wakapatana."

Huenda kweli, ila bei kufanana peke yake si ushahidi. Mchele mwingi tunaokula visiwani unatoka nje, hulipiwa kwa dola na hupita kwa waagizaji wachache. Mwenye duka anaongeza faida yake ndogo. Akizidisha, mteja anahamia kwa jirani.

Sheria za ushindani, ya kwetu Zanzibar na ile ya Bara ya 2003, zinachokataza ni wauzaji kukubaliana kupanga bei. Usizitegemee hapa kanuni za biashara ya kimataifa: zenyewe zinabana serikali, kwenye ushuru na mfano wake. Hazimgusi muuza duka.

Ukitaka kupima, andika kila wiki bei za maduka matatu, na bei ya jumla na ya dola pembeni. (Mimi huandika nyuma ya kalenda ya jikoni, ishajaa mafuta.) Bei ya jumla ikishuka, na rejareja ikagoma kote kwa miezi, hapo pana la kuuliza. Nenda na risiti zako kwa wanaosimamia sheria ya ushindani.