Dhana potofu kuhusu gongi, na ukweli wake

Dhana: Gongi, ala ya muziki ya sahani ya shaba, hupigwa kwa nguvu zote, katikati kabisa.

Wa kulaumiwa hapa ni sinema. Filamu za kampuni ya Rank ya Uingereza zilifunguliwa na pandikizi la mtu, kifua wazi, akilitwanga gongi kubwa kuliko yeye. Gongi lile lilikuwa la bandia. Mlio ulioingia masikioni mwa watazamaji ulipigwa na James Blades, mpigaji wa okestra, kwa gongi bapa la Kichina ambalo wanamuziki huliita tam-tam.

Tam-tam kubwa ina uzito wa kuamka. Ukiitandika ghafla ikiwa imelala, unapata kishindo kikavu, kisha mlio wenyewe unakuja umechelewa, okestra imekwisha kupita. Ndiyo maana mpigaji mzoefu huanza kuigusagusa kwa rungu kabla ya zamu yake, taratibu mno hata ukumbi usisikie, mpaka chuma kianze kutetemeka. Hapo pigo la wastani linatosha. Tena hulenga pembeni kidogo ya katikati, kwa sababu huko ndiko sauti nyingi za juu zinakoamshwa. Katikati hasa hutoa mvumo mzito tu. Rungu nalo lina neno: kichwa kizito kilichovishwa sufu huutoa mvumo wa ndani, kijiti kigumu huleta mlio wa sufuria.

Dhana: Gongi ni gongi, yote ni mamoja.

Yako yenye kitovu, yaani kinundu katikati, na yako bapa. Yenye kitovu ndiyo ya Java na Bali, visiwa vya Indonesia, na kusini mwa Ufilipino. Hayo yana noti maalumu, na hapo ndipo katikati hupigwa kweli, juu ya kitovu chenyewe. Katika gamelan ya Java, yaani kundi la ala ambazo nyingi ni za shaba, gong ageng, lile kubwa kuliko yote, hulia mwisho wa mzunguko wa muziki. Anayelipiga huweza kukaa kimya muda mrefu akihesabu, na akikosea kila mtu anajua. Bonang na kenong, magongi mengine ya gamelan, hazitundikwi, hulazwa juu ya kamba. Kulintang ya Mindanao, kisiwa cha kusini mwa Ufilipino, hupanga magongi madogo mstari mmoja, kwa kawaida manane, mpigaji mmoja akiyapitia kwa vijiti viwili.

Mabapa ya China mengi hayana noti moja inayoshikika. Ya opera ya Beijing yana ufundi wa kufurahisha: dogo likipigwa sauti yake hupanda, kubwa likipigwa hushuka. Puccini, mtunzi wa Kiitalia, katika opera yake Turandot iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1926, alitaka magongi yenye noti na tam-tam pia. Mpigaji asiyetofautisha hivyo viwili ataharibu opera nzima. Upatu wa ngoma za pwani yetu, ile sahani ya shaba inayogongwa kwa vijiti, ni ndugu wa hayo mabapa kwa umbo.

Dhana: Hutengenezwa kwa kumimina shaba kwenye kalibu, basi.

Kumimina ni mwanzo tu. Huko Java wahunzi huyeyusha shaba nyekundu na bati, takribani sehemu kumi kwa tatu, wakapata kisahani kinene, kisha hukipasha moto na kukifua, tena na tena, wakigeuza kwa zamu. Mwishoni hukitumbukiza majini kikiwa cha moto. Chuma cha pua kingekuwa kigumu na chepesi kuvunjika. Mchanganyiko huu hufanya kinyume, ukipoa ghafla hauvunjiki ovyo.

Dhana: Rungu likishagusa, kazi imekwisha.

Nusu ya kazi ndiyo inaanza. Mlio usiozimwa huvamia noti inayofuata, kwa hiyo mpigaji huukamata kwa viganja, goti, hata kwa kuliegemea gongi kwa mwili. Wapigaji wanne wa reyong ya Bali, safu ya magongi madogo yenye kitovu, huzima kila mlio kwa kurudisha kijiti juu ya kitovu, kwa kasi ambayo jicho haliifuati.

Wala si lazima kupiga. Ukingo unaweza kukwaruzwa kwa upinde wa fidla. John Cage, mtunzi wa Kimarekani, katika kazi yake ya mwaka 1939, alitaka gongi lizamishwe majini likiwa bado linalia, na sauti ikateremka kadiri maji yanavyolimeza. Mwaka 1964 Stockhausen, mtunzi wa Kijerumani, aliandika muziki wa tam-tam moja tu: watu wawili wanaikwangua na kuisugua kwa vitu mbalimbali, wawili wanazungusha maikrofoni karibu nayo, na wengine wawili wanachuja sauti kwa mitambo.