Uadimu wa sarafu kongwe za dhahabu: maana yake na namna unavyopimwa

Uadimu wa sarafu hupimwa kwa idadi ya sarafu za aina moja ambazo bado zipo leo, ikilinganishwa na idadi ya watu walio tayari kuzinunua. Maelezo hayo ni mafupi, lakini hupuuzwa mara kwa mara, hasa hapa Nyanda za Juu Kusini, ambako kuanzia Iringa hadi Tukuyu zipo familia zinazotunza rupia za Mjerumani ndani ya kopo au sanduku la bibi kwa imani kwamba umri pekee umezifanya kuwa mali. Umri hautoshi. Rupia nyingi za namna hiyo ni za madini ya fedha, na sarafu ndogo za shaba za zama hizo, ziitwazo heller, zilitengenezwa kwa mamilioni, kwa hiyo sarafu inaweza kuvuka miaka 100 na bado mkusanyaji akaiona ya kawaida kabisa.

Sarafu ya dhahabu ya koloni hilo la Mjerumani la Afrika Mashariki ni habari nyingine. Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa imekata njia ya bahari kwenda Ujerumani na sarafu zikawa haba, utawala wa Kijerumani ulianza kutengeneza sarafu zake wenyewe mjini Tabora, katika karakana ya reli, na miongoni mwake ikawamo ya rupia 15 iliyopigwa kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Upande mmoja una tembo mbele ya milima, na chini yake mwaka 1916 pamoja na herufi T ya Tabora. Upande wa pili una tai mwenye taji na maandishi ya Kijerumani. Uzito wake ni takribani gramu 7.17, na dhahabu yake ni sehemu 750 katika 1,000, yaani karati 18. Zilitoka sarafu 16,000 na ushei kabla mji huo haujatwaliwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi Septemba mwaka huohuo. Wakusanyaji huzigawa katika aina mbili kwa jambo dogo ambalo asiyejua hawezi kulitazama mara mbili: upande wa tai, ncha ya pambo la kulia huishia chini ya herufi T katika neno OSTAFRIKA kwenye aina moja, na chini ya A ya kwanza kwenye nyingine. Anayetaka seti kamili hulazimika kuzitafuta zote mbili, na kila mgawanyo wa namna hiyo hupunguza idadi ya sarafu zinazohesabiwa kuwa za aina moja.

Hata hivyo, idadi iliyotengenezwa huonyesha tu kiwango ambacho zilizosalia haziwezi kukizidi. Pauni ya dhahabu ya Uingereza iliyopigwa London mwaka 1917 ilizidi milioni moja, lakini leo ni miongoni mwa pauni za karne ya 20 zinazopatikana kwa shida, kwa kuwa nyingi hazikubaki mikononi mwa watu. Mfano mkubwa zaidi ni sarafu ya Marekani ya dola 20 ya mwaka 1933. Zilipigwa 445,500, kisha, kwa sababu serikali ilikuwa imeondoa dhahabu kwenye mzunguko, karibu zote zikayeyushwa. Chache zilichepuka, na ni moja tu ambayo mtu binafsi anaruhusiwa kuimiliki kisheria. Hiyo iliuzwa mwaka 2021 kwa takribani dola milioni 18.9. Mwenye kusoma jedwali la idadi zilizopigwa bila kuuliza habari za tanuru angeiweka sarafu hiyo katika kundi la zile za kawaida.

Mambo huweza pia kwenda kinyume, yaani sarafu iliyokuwa adimu ikawa ya kawaida. Meli ya SS Central America ilizama mwaka 1857 ikiwa na shehena ya dhahabu kutoka California, na ilipofikiwa chini ya bahari mwaka 1988 ilitoa maelfu ya sarafu za dola 20 za San Francisco za mwaka huohuo wa 1857, nyingi zikiwa kama mpya. Kabla ya hapo, sarafu ya mwaka huo yenye hali nzuri kiasi hicho ilikuwa ngumu kuipata. Ndiyo maana huwa nastaajabu kidogo kuwasikia watu wa kwetu wanaochimba kuzunguka maboma ya zamani wakifuata ramani za hazina ya Mjerumani: hata kama sanduku la rupia za Tabora lingekuwapo kweli, siku ya kufunguliwa kwake uadimu wa sarafu hizo ungeshuka.

Kwa kuwa hakuna awezaye kuhesabu sarafu zote zilizosalia, wataalamu hukadiria kwa kufuatilia minada, makumbusho na orodha za kampuni zinazokagua sarafu na kuzifungia ndani ya plastiki, kama vile PCGS na NGC. Orodha hizo husaidia, ila zina kasoro moja kubwa: mwenye sarafu asiyeridhika na daraja la ubora alilopewa huweza kuitoa na kuipeleka tena, na sarafu moja ikahesabiwa mara mbili au zaidi. Makadirio hayo huwekwa katika ngazi za uadimu, ambapo R4 ni sarafu 76 hadi 200, R5 ni 31 hadi 75, R6 ni 13 hadi 30, R7 ni 4 hadi 12, na R8 ni 3 au pungufu.

Hali ya sarafu hubadilisha hesabu yote. Daraja hutolewa kuanzia 1 hadi 70, na sarafu yenye kupatikana kwa wingi katika daraja la chini huweza kuwa adimu sana katika daraja la juu. Katika mikoa yetu tatizo kubwa ni kwamba sarafu nyingi ziligeuzwa mapambo. Chukua sarafu ya namna hiyo na uizungushe taratibu kwenye mwanga: ukingoni, mara nyingi juu ya kichwa cha picha, utaona kivimbe chenye rangi tofauti kidogo na mistari ya tupa iliyokatisha meno ya ukingo, na hapo ndipo kipete cha mkufu kilipochomelewa na baadaye kikaondolewa. Sonara hajali alama hiyo, lakini mkusanyaji huiona kama jeraha. Kuing'arisha kwa majivu au dawa ya meno ni kuiharibu zaidi, kwa sababu ule mng'ao wa asili uliotokana na chapa ukifutika haurudi.

Mahitaji nayo yana nguvu yake. Sarafu za dhahabu za Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14, zinazojulikana kwa wataalamu ni tatu tu. Kwa idadi, ni adimu kuliko rupia ya Tabora kwa umbali mkubwa, lakini hazina soko la kawaida, kwa kuwa kitu kisichouzwa hakina bei ya kulinganisha. Tembo wa Tabora anatafutwa na wakusanyaji wa sarafu za Ujerumani, wa Afrika na wa vita ile, hivyo bei yake hujulikana kila mnada unapofanyika.

Bei hiyo isichanganywe na bei ya dhahabu. Rupia 15 ina takribani gramu 5.4 za dhahabu safi, na anayeipeleka katika soko la madini la Chunya atalipwa kwa mzani na kiwango cha dhahabu, kama anavyolipwa mchimbaji wa Lupa, bila tembo kuongezewa chochote. Mzani huohuo, hata hivyo, ni msaada mkubwa wa kubaini bandia, ambazo za Tabora zipo nyingi. Sarafu ikining'inizwa kwa uzi ndani ya maji hupungua uzito kulingana na ujazo wake. Pauni halisi ya Uingereza ya gramu 7.98 hupungua takribani gramu 0.45, na shaba iliyopakwa dhahabu yenye uzito uleule itapungua karibu mara mbili ya hapo. Majaribio ya kuisogezea punje za mchele ili kuona kama zitavutwa ni mchezo wa matapeli na hayapimi chochote.

Sheria pia huingia katika hesabu, kwa kuwa sarafu isiyoweza kuuzwa haihesabiki kuwa iko sokoni. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inataka kibali kwa uchimbaji wa kutafuta vitu hivyo na kwa kuvitoa nchini. Sarafu ya Kilwa imo ndani ya tarehe hiyo. Rupia ya Tabora imeipita kwa miaka 53.