Bei ya juu ndiyo inayogonga vichwa vya habari

Msimu wa korosho ukikaribia, viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima huanza kunipigia simu, na ombi lao ni lilelile: "Mwandishi, safari hii tunataka tugonge vichwa vya habari." Nawaelewa. Ila kwa mwandishi wa mkoani kama mimi, ninayekaa Mtwara na kutuma habari Dar es Salaam, kugonga vichwa mbali, kusikilizwa mbali.

Kwanza, kichwa cha habari si cha mwandishi. Mimi naandika habari na kuituma, kichwa kinatungwa jioni na mhariri wa zamu mwenye nafasi ya maneno matano au sita, na rundo la habari za mikoa mingine mbele yake. Anachotafuta ni kitenzi chenye nguvu. Ndiyo maana magazetini bei haipandi, "yapaa". Wakulima hawalalamiki, "wacharuka". Habari isiyo na kitenzi cha namna hiyo huzikwa kurasa za ndani, hata iwe nzito vipi. "Wadau wakutana kujadili zao la korosho" haijawahi kuuza gazeti.

Sasa chukua mnada. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08, korosho za wakulima hukusanywa ghalani na kushindaniwa na wanunuzi. Kwa miaka mingi bei ziliandikwa kwenye barua, zikatumbukizwa kwenye sanduku na kufunguliwa hadharani, wakulima wakiwa wamekaa chini ya mwembe wakisikiliza. Siku hizi ni mfumo wa kielektroniki wa TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania. Kwa vyovyote, mwisho wa siku kunasomwa bei ya juu na bei ya chini, na katikati yake kuna tani nyingi kuliko zilizoko juu. Halafu yanafuata makato: ushuru wa halmashauri, fungu la chama cha msingi na la chama kikuu, ghala, usafirishaji. Mimi yote hayo nayaandika. Kinachopanda ukurasa wa mbele ni bei ya juu peke yake.

Kibaya zaidi, huku kwetu kichwa hufika kabla ya gazeti. Alfajiri watangazaji wa redio wanasoma magazeti ya siku hiyo, yaani wanasoma vichwa, na gazeti lenyewe bado liko ndani ya basi. Likifika stendi, wengi wanalisoma likiwa juu ya meza ya muuzaji, ukurasa wa mbele tu, kisha wanaondoka zao. Kwa hiyo mkulima wa Tandahimba anakwenda kwa karani wa chama akiwa na bei ya redioni kichwani, anaonyeshwa karatasi yenye bei nyingine, na anachoamini pale pale ni kwamba kaibiwa. Karani anaanza kueleza makato mstari kwa mstari, nyuma foleni inaguna. Nimeona chama kilichouza vizuri kikimaliza wiki nzima kinajitetea kwa sababu ya habari njema iliyoandikwa juu yake.

Kusini tuna bahati ya namna hii. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982, na kwa miongo mitatu ilikuwa habari ya wataalamu. Tukatawala kurasa za mbele ilipokuja "gesi haitoki", kauli ya waliopinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, na hasa Mei 2013, siku bajeti ya nishati iliposomwa bungeni Dodoma na mji wa Mtwara ukawaka moto. Maswali ambayo watu walikuwa wakiuliza miaka yote hiyo hayakuwa na moshi, na mhariri anahitaji moshi.

Novemba 2018 pia. Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Malori ya kijeshi na magunia, picha gani zaidi ya hiyo? Uhakiki wa mashamba na malipo yaliyoendelea hadi 2019 vilipata safu nyembamba. Na Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kinaisogelea Mtwara, tuliandikwa nchi nzima. Kikageukia Cabo Delgado, Msumbiji, tukafutika siku hiyohiyo, ingawa ng'ambo ya mto Ruvuma ni ndugu zetu kabisa.

Kwa hiyo mkinipigia, sitawakatalia, ila nitawauliza bei ya mkononi: baada ya makato yote, mkulima kapata shilingi ngapi kwa kilo, na msimu uliopita alipata ngapi? Tarakimu hizo mbili zikikaa kwenye sentensi ya kwanza, mhariri anaweza kupata kichwa chenye kitenzi na chenye ukweli kwa pamoja. Zikiwa aya ya saba, hatazifikia. Nitumieni mchana, si usiku kurasa zimeshafungwa. Mleteni na mkulima mwenye stakabadhi yake mkononi, si mwenyekiti tu aliyevaa koti.

Na zile bahasha za "nauli ya mwandishi" muache. Mnampa mtu wa Mtwara, wakati wanaotunga vichwa wengine hawajawahi hata kuvuka daraja la Mkapa pale Rufiji kuja kusini.