Jeni moja haitoshi kuilinda ngano

Mwaka 1998, kwenye mashamba ya majaribio ya Kalengere, kusini-magharibi mwa Uganda, ngano iliyoaminiwa kuwa na kinga ilikutwa imeshikwa na kutu ya shina, ugonjwa unaoletwa na kuvu. Kinga yake ilikuwa jeni ya Sr31, iliyotolewa kwenye nafaka ya rai na kusambazwa na watafiti sehemu nyingi za dunia. Aina hiyo mpya ya kutu ikaitwa Ug99. Baadaye ikaonekana Kenya, Ethiopia, Yemen, na kufikia 2007 ilikuwa Iran.

Shina lililougua halijifichi. Vipele virefu vyenye rangi ya matofali hupasua ngozi yake, na ukipitisha kidole unabaki na unga. Unga huo ndio mbegu za kuvu, na upepo huzipeleka mbali.

Sr31 haikuwa jeni mbovu. Kosa ni kwamba mashamba mengi mno yaliitegemea hiyo peke yake, kama mtaa mzima wenye kufuli za aina moja: mwizi akipata ufunguo, kila mlango ni wake. Mwaka 2006, huko Kenya, kundi hilohilo la kutu likaishinda na jeni nyingine ya kinga, Sr24.

Mimi naithamini zaidi jeni ya Sr2, iliyotoka kwenye ngano ya kale ya emeri. Haiizuii kutu kabisa, huipunguza kasi tu mmea ukishakua, lakini imedumu karibu karne nzima. Mara nyingi huitambua kwa macho, maana makapi ya suke huwa na weusi. Ikiunganishwa na jeni nyingine mbili tatu, kuvu hupata kazi kweli.

Kwa ukame na joto hali ni hiyohiyo: jeni moja haitoshi. Ngano ya mkate ina kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) 42, katika seti tatu zilizotoka kwenye nyasi tatu tofauti: A, B na D. Jeni za DREB, zinazoamsha jeni nyingine maji yanapopungua, kwa kawaida zimo katika seti zote tatu. Seti D ndiyo maskini kwa tofauti za jeni, kwa sababu ilitokana na mimea michache ya nyasi pori. Ndiyo maana wazalishaji wa mbegu huirudia nyasi hiyo, wakaichanganya upya na ngano ya tambi.

Ndugu zangu wa Kapchorwa, Kween na Bukwo, mashariki mwa Uganda, mkiona vipele kwenye mbegu mliyoambiwa ina kinga, msing'oe na kuchoma kimyakimya. Mwiteni afisa kilimo achukue sampuli, maana hapo ndipo tutajua jeni ipi imeshindwa.