Chandarua kipya hakimwangushi mbu papo hapo, na kuna sababu

"Mbona mbu anatua kwenye chandarua, kisha anaruka na kwenda zake mzima?" Swali hili tunaulizwa sana tangu vyandarua vya aina mpya vianze kugawiwa, na wengine huamini dawa imechakachuliwa. Ni swali la haki. Vyandarua vya zamani vilituzoesha kuona mbu akianguka palepale.

Dawa ya vyandarua hivyo vya zamani ni ya jamii ya pairethroidi. Hushambulia mishipa ya fahamu, yaani neva: mbu akigusa, hutetemeka, hupooza, huanguka. Kwa miaka mingi karibu kila chandarua chenye dawa kilitegemea jamii hiyo moja, na mbu wachache walioistahimili ndio waliobaki kuzaa. Wengi wa mbu sugu wa leo wana vimeng'enya vingi, yaani protini za mwilini zinazobadilisha kemikali, vinavyoivunja dawa kabla haijafika kwenye neva.

Jibu la kwanza lilikuwa kuongeza kemikali iitwayo PBO kwenye nyuzi za chandarua. Yenyewe si ya kuua mbu. Kazi yake ni kuvizuia vile vimeng'enya ili pairethroidi ipate nafasi. Utafiti uliofanyika Muleba, mkoani Kagera, ulionyesha kwamba watoto wanaolala ndani ya vyandarua hivyo wanapata malaria kidogo zaidi, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likavikubali. Udhaifu wake ni kwamba PBO hupungua mapema, wakati chandarua chenyewe bado kinatumika.

Jibu la pili ndilo linalozaa swali letu. Klofenapiri, dawa iliyotumika kwanza mashambani, huwekwa kwenye nyuzi pamoja na pairethroidi. Inapoingia mwilini mwa mbu bado haina makali. Vimeng'enya vya mbu mwenyewe, vilevile vinavyompa usugu, huibadilisha kuwa sumu kamili. Silaha yake inamgeukia. Sumu hiyo haigusi neva, bali huharibu mitokondria, sehemu ya seli inayozalisha nguvu, na mbu huishiwa nguvu taratibu. Ndiyo maana tunapovipima vyandarua hivi tunahesabu mbu waliokufa hadi saa 72 zipite. Anayehesabu asubuhi ya kwanza atasema dawa ni mbovu, kumbe yule mbu aliyeondoka jana usiku hatamaliza wiki. Vimelea vya malaria huhitaji siku kumi au zaidi kukomaa ndani ya mbu, kwa hiyo mbu huyo, kama hakuwa na vimelea tayari, hafikii kuambukiza mtu.

Ushahidi ninaouamini kuliko mwingine umetoka Misungwi, mkoani Mwanza, ambako aina nne za vyandarua zililinganishwa na matokeo kuchapishwa mwaka 2022. Baada ya miezi 24, watoto 45.8 katika kila 100 walikuwa na vimelea vya malaria pale palipogawiwa vyandarua vya kawaida, vyenye pairethroidi peke yake. Penye klofenapiri walikuwa 25.6. Aina nyingine mpya, yenye dawa ya kuwafanya mbu wagumba, haikuonyesha nafuu ya kutosha kuliko ya kawaida. Upya peke yake hautibu kitu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua vya klofenapiri kwa maeneo yenye mbu sugu.

Ukipewa chandarua kipya, kitundike kivulini saa 24 kabla ya kulala ndani yake. Ukikifua, tumia sabuni ya kawaida, usikisugue kwa nguvu, na ukianike kivulini, maana jua kali hudhoofisha dawa.

Lakini chandarua hakimlindi mama anayepika uani saa mbili usiku, wala wazee walioketi barazani. Kwa ajili yao, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, ya hapa Tanzania, wamejaribu kitambaa cha gunia kilicholowekwa transfluthrini, dawa inayopaa hewani yenyewe bila moto wala umeme. Kitambaa hicho hufungwa kama utepe kuzunguka upenu wa nyumba, au huwekwa chini ya viti, hata kwenye kandambili. Napenda sana wazo hili, kwa kuwa gunia linapatikana kila soko na fundi wa kijijini anaweza kulishona. Linalonikosesha raha ni kwamba transfluthrini nayo ni ya ukoo wa pairethroidi. Tusipopata dawa ya ukoo mwingine inayoweza kupaa vivyo hivyo, mbu wa barazani watatufundisha tena somo tulilofundishwa na wa chumbani.