Vocha haiondoi aibu

Juzi tena, mwaloni Kibirizi, Kigoma, admini wa grupu la simu la wauza dagaa kanisimamisha: "Dada, watu wangu hawachangii mazungumzo. Niweke zawadi ya vocha ya elfu mbili?" Swali hilohilo nimeulizwa mwaka mzima, na leo nalijibu kwa wote.

Usiweke. Vocha huita wawinda vocha. Wale watano wenye vidole vyepesi watajibu ndani ya dakika, mmoja atachukua, kisha kimya hadi vocha nyingine. Siku ukikosa, hata waliokuwa wakichangia bure wanangoja malipo. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani waliwaahidi cheti watoto wa chekechea wanaopenda kuchora. Wiki moja mbili baadaye, bila cheti, walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao ambao hawakuahidiwa kitu.

Kura na stika nazo zinaamsha grupu, basi, haziendi zaidi ya hapo. Mnachokiruka ni aibu. Mtu ananyamaza kwa kuogopa kukosea mbele ya watu mia mbili, wakwe zake wakiwemo. Kwa hiyo tafuta mchezo ambao aliyeshindwa naye ana kazi, na tunao tangu kwa bibi zetu. Kitendawili! Tega! Ukishindwa, unaombwa mji. Utamu wote uko hapo, na hapo ndipo maadmini mnapoharibu kwa kukimbilia kutoa jibu. Msitoe! Aliyeshindwa atoe mji kwanza.

Kwenye grupu ninalosimamia, mama mmoja muuza mawese wa Ujiji alikaa miezi minane bila kuandika neno. Ikategwa "Popoo mbili zavuka mto." Akaandika: "Nakupa Uvinza." Mtegaji akakataa: "Uvinza chumvi tupu, ongeza." Akaongeza Kasulu. Mtegaji akatuma sauti: nimefika Kasulu, nimekula, nimeshiba, nimelala bila shuka, jibu ni macho. Mama akamrukia: "Kasulu gani hiyo ya kulala bila shuka? Baridi yote ile!" Ndani ya saa moja watu ambao sikuwahi kuona maandishi yao walikuwa wanagombania miji. Hakuna aliyelipwa hata senti.

Angalieni na mwezi. Usiku wa giza wavuvi wako ziwani na taa zao. Ukitega saa mbili, umewafungia nje. Mbalamwezi ikiwaka, wako nyumbani na simu mkononi.

Mchezo huu nao huchuja, kwangu kwenye wiki ya tatu, na sijapata dawa zaidi ya kuupumzisha. Tena wapo wasiotoa hata mji. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2006 kwamba kwenye jamii nyingi za mtandaoni, 90 kati ya 100 husoma tu. Zamani niliwahesabu kama kushindwa kwangu. Kisha nikamtaja mzee mmoja kwa jina, nikimtaka atege. Akajitoa usiku uleule. Tangu hapo simtaji mtu.